Pensheni ya Mafuta ya Kula

Harare,
Jumapili mchana

Dada yangu Ruqia,

Shikamoo dada. Assalaam alaykum wewe na wote waliomo humo ndani. Natumaini mguu wa shemeji umeanza kukanyaga vizuri, na kikohozi cha mwanangu Nasri niliyekuachia kimekwisha tangu ulipompeleka hospitali. Huku baridi imepungua. Mie mwili mzima. Nakula, nalala, kazini naenda. Ukiniuliza zaidi ya hapo ndipo ninapokwama, na ndiyo maana nimekaa chini niandike badala ya kukupigia.

Barua hii nimempa Godi, dereva wa lori anayeshusha mzigo wetu. Ni mtu mwaminifu. Akifika Bunju mpe chai, na kama kuna maandazi mpe, maana njia ni ndefu.

Mara ya mwisho tulipoongea ulinikatia simu kwa hasira. Ulisema, "Zuhura, unanijibu kama dada wa huduma kwa wateja!" Nimekaa na neno lile mpaka leo. Ulinipigia kuniambia Shangazi Mwanahawa amefariki, shangazi aliyetulea pale Vingunguti baada ya mama, na mie nikakuuliza mnazika saa ngapi. Halafu nikasema poleni, nikakwambia kuna mtu ananisubiri. Ulidhani nakukwepa. Dada, mtu alikuwepo kweli, amekaa mbele yangu, kofia yake juu ya goti. Ngoja nikusimulie ni nani.

Unakumbuka nilivyokuja huku. Tajiri wangu wa Temeke, niliyemfanyia kazi kwenye kiwanda cha sabuni miaka yote ile, alinunua kiwanda cha mafuta ya kula hapa Harare kilichokuwa kimefungwa, majani yameota mpaka madirishani. Akaniambia, "Zuhura, mashine nitatafuta fundi. Watu kaniajirie wewe." Nikadhani kuajiri ni kuajiri. Nilikuwaga na foleni ya vijana getini pale Temeke kila Jumatatu, nachagua tu.

Huku nilikuta nchi ambayo pesa yake iliwahi kufa. Sio kupanda bei, kama sie tunavyolia sukari ikipanda Ramadhani. Ilikufa kabisa. Mtu alipokea mshahara asubuhi, jioni haununui mkate. Wakaiacha, wakatumia dola za watu, wakarudi kwenye yao, nayo ikayumba tena. Sasa hivi afadhali. Bei zimetulia, Dada, ila watu hawajatulia.

Siku ya kwanza ya usaili alikuja mhasibu mmoja, mama wa makamo, amevaa vizuri. Nikamuuliza lile swali letu la siku zote, unajiona wapi baada ya miaka mitano. Alicheka mpaka akatoa leso. Akaniambia, "Dada, niulize Ijumaa ninajiona wapi." Nikamwajiri. Akafanya kazi vizuri sana, halafu siku moja hakuja, wala kesho yake. Alikuwa amevuka mpaka kufuata nguo za kuuza. Aliporudi hakuomba hata radhi. Aliona mie ndiye nisiyeelewa maisha.

Siku ya mshahara ndiyo ilikuwa balaa. Mishahara ikiingia tu, kiwanda kinabaki na mashine. Wote wamekimbilia mjini kugeuza pesa kuwa vitu: unga, sabuni, bati, chochote kisichoyeyuka. Nikawaambia bei ya kesho ni hii hii ya leo. Wananiitikia "ndiyo madam" kwa heshima zote, wanaondoka. Kijana ninayemfundisha mashine, akishaiweza tu, keshapanda basi la kwenda Afrika Kusini. Nilikuja kugundua kwamba kinachowashika watu ni chakula, sio pesa. Nikamwomba tajiri kila mfanyakazi apewe mafuta na unga juu ya mshahara wake. Hapo wakaanza kukaa. Niliona nimeshinda. Nilikupigia siku ile, nadhani unakumbuka, nilikuwa nacheka.

Halafu amri ikaja kutoka Dar: wote waliopita umri wa kustaafu waondoke mwezi huu. Tajiri hakuwa na ubaya nao. Wazee wale walifanya kazi pale enzi za wenye kiwanda wa zamani, na kilipofunguliwa walikuja wenyewe, wakafyeka majani kabla hata sijafika. Sheria inasema miaka yao imekwisha. Kazi ya kuwaambia ni ya afisa utumishi, na afisa utumishi ni mie.

Niliwaita mmoja mmoja. Bwana Moyo nikamweka mwisho kwa sababu nilikuwa namwogopa. Jina lake ni Moyo, na kwao maana yake ni ileile ya kwetu. Alikuwa mtu wa stoo ya chupa, mrefu, mkali, anagombana na vijana kwa sababu ya mpira, na chai yetu ya saa nne alikuwa anaichukua vikombe viwili huku anakutazama usoni, useme kitu. Kila Jumatatu ovaroli lake limepigwa pasi, utadhani anakwenda harusini. Aliingia, akakaa, na hapo ndipo simu yako ikalia.

Alinisikiliza nikiongea Kiswahili na wewe bila kuelewa neno. Nilipoweka simu akaniuliza, "Habari mbaya?"

"Shangazi yangu amefariki."

Akainamisha kichwa, akakunja viganja na kuvigonganisha polepole, hivi wanavyofanya huku wakikupa pole. Na mie, Dada, mkono wake haujashuka vizuri, nikamwambia, "Bwana Moyo, umestaafishwa. Mwisho wa mwezi ni siku yako ya mwisho."

Hapo hapo. Sikupumua katikati. Nilikuwa nimeshawaambia wengine asubuhi yote, mdomo ulikuwa unajiendea wenyewe.

Aliichukua kofia yake gotini. Akasema, "Mtu anayestaafu anakwenda mahali. Mie naenda wapi?" Akanisimulia pensheni yake. Alikatwa tangu kijana, kila mwezi. Kiwanda cha zamani kilipofungwa, miaka ile pesa ilipokufa, alipanda basi mpaka mjini kuichukua, akapanga foleni na wenzake, na alichopewa hakikutosha nauli ya basi lile lile kumrudisha. "Nilirudi kwa miguu," akasema. "Nilikuwa nimevaa tai."

Nikamwambia pole. Ile pole niliyokupa wewe, hiyo hiyo nikampa na yeye.

Mwisho wa mwezi wenzake wakarudisha funguo na vitambulisho. Yeye, siku ya pili yake, akaja kazini. Mlinzi akamfungulia geti kama kawaida. Angemfungiaje mtu wa umri wa baba yake? Akaenda stoo, akaanza kupanga chupa. Meneja akanilalamikia, mie nikampigia tajiri. Tajiri akasema, "Zuhura, nimenunua kiwanda, sikununua kituo cha wazee. Asiingie." Nikaandika agizo la getini, nikatia saini.

Bwana Moyo hakugombana. Alisimama nje ya uzio na ovaroli lake limenyooka. Kengele ya chai ikilia, naye anatoa mkate wake mfukoni anakula kwa kusimama. Kengele ya kurudi kazini ikilia, anafuta mikono, anatazama mashine. Jioni anaondoka na wafanyakazi. Alifanya hivyo kila siku, na kila asubuhi mie nilipita mbele yake na gari la kazini. Alikuwa anagusa kofia kunisalimu. Nikawa nasubiri niumie, siumii. Nilimwona kama ninavyoliona bango la barabarani. Nikaanza kujiogopa kidogo, halafu hata woga wenyewe ukaisha.

Wiki ile hata chakula kilikosa ladha. Nilipika wali wa nazi, nilikuwa nimepata nazi ya kopo, nikaula wote nikiwa nimesimama jikoni, nikaosha sahani. Hapo ndipo nikakumbuka nilikuwa nimeutamani tangu mwezi uliopita.

Siku moja nilimwambia dereva asimame, nikashuka.

"Bwana Moyo, unataka nini hasa?"

"Nataka mwisho wa mwezi uwe na kitu."

"Nikimwomba tajiri akupe pesa kidogo ya kujikimu utakwenda nyumbani?"

Akatikisa kichwa. "Pesa mpe mwingine. Mie nipe mafuta. Mafuta yanakaangia leo, na mwakani yatakaangia."

Nilirudi ofisini nikampigia tajiri. Alicheka sana. Nikamwambia ananilipa nimletee watu wanaobaki kazini, na vijana wote pale ndani wanamtazama yule mzee kupitia dirishani, wanajiona wao. Akaacha kucheka. Wafanyabiashara wa kwetu unawajua. Kitu kikishakuwa bidhaa wanakielewa. Akasema, "Mafuta yapo. Wape wote wazee, kila mwezi, maisha yao yote. Ila mwenye jina aje mwenyewe. Sitaki mjukuu, sitaki shemeji, sitaki barua ya mchungaji. Na akifa imekwisha." Nikaandika hivyo hivyo, kwa mkono wangu.

Basi kila Ijumaa ya mwisho wa mwezi wazee wanakuja. Wanavaa kama wanakwenda kanisani. Tumewawekea mabenchi chini ya paa la kupakilia mizigo, wanapewa chai, wanachukua mafuta na sabuni. Bwana Moyo alikuwa wa kwanza daima, na daima ana lawama: vizibo vimelegea, chai haina sukari, kijana aliyeshika stoo yake ni mzembe. Vijana wakawa wanamcheka na kumbebea dumu lake mpaka kituoni. Jambo moja likatokea ambalo sikulitarajia. Siku ya mshahara watu wakaanza kubaki. Sio wote, ila mashine zikawa zinazunguka mpaka jioni. Walianza kuamini kwamba kuna kitu mbele. Meneja alinipongeza mbele ya watu wote. Nikasema asante. Nilikuwa nafikiria kufua mashuka.

Baridi ilipoingia Bwana Moyo akaugua kifua. Hakukaa sana. Tulikwenda kumzika, karibu kiwanda kizima. Wenyewe wanaimba vizuri mno kwenye msiba, sauti zinapanda zinashuka, wanaume watu wazima walilia. Mie nilisimama karibu na kaburi na mtandio wangu, nikajisikia nafikiria kwamba sasa benchi moja linaweza kuondolewa. Nikajisemea, Zuhura, shangazi yako kafa hukulia, na huyu humlilii. Nikajaribu kulia hasa. Hakuna kilichokuja.

Ijumaa ya mwisho wa mwezi ikafika. Wazee wakapanga mstari. Nikamwona mke wake, Mai Rudo, maana yake Mama Rudo, mama mfupi mwenye miwani iliyofungwa uzi. Amesimama mbele kabisa, mahali pa mumewe, amevaa koti la ovaroli la marehemu. Mikono ya koti ameikunja mara kadhaa ndipo vidole vikaonekana.

Kijana wa stoo akauliza, "Jina?"

"Moyo."

"Mwenyewe yuko wapi?"

"Miguu inamuuma," akasema Mai Rudo, anatazama madumu.

Dada, kila mtu chini ya paa lile alikuwepo makaburini tulipomzika. Kijana mwenyewe alibeba jeneza. Wazee wakainamisha macho chini kama watu wanaotafuta kitufe kilichoanguka. Yule kijana akageuka kunitazama mie. Ilikuwa kanuni yangu, mwandiko wangu, umebandikwa ukutani nyuma yake.

Nikasema, "Mpe. Bwana Moyo amefika."

Mie, niliyekuwaga nawasaka wafanyakazi hewa pale Temeke mpaka wananiita askari, leo nikawa na mstaafu hewa wangu mwenyewe. Mwezi uliofuata akafika tena, na uliofuata. Hakuna aliyesema kitu. Kijana wa stoo akawa haulizi jina.

Wiki iliyopita tajiri alikuja kukagua. Meneja alikuwa ameshamweleza, sijui kwa ubaya au kwa kujilinda. Tajiri alikaa ofisini kwangu, akakataa chai. Kwanza akasema, "Nilisikia ulifiwa na shangazi. Pole sana." Nikaitikia. Halafu akauliza:

"Moyo ni nani?"

"Mzee wa stoo ya chupa."

"Yupo?"

Ningeweza kusema yupo. Neno lilikuwa mdomoni. Lakini nilikuwa nimechoka, Dada, nimechoka kusema maneno ambayo simo ndani yake. Nikasema, "Alifariki. Mafuta anachukua mkewe, na mie ndiye ninayeruhusu."

"Kwa hiyo unaniibia."

"Kama ni wizi, nifukuze mie. Ila usiwakate wajane. Hawa watu walishawekewa akiba ikayeyuka mikononi mwao. Leo wameanza kukuamini wewe. Ukimnyang'anya yule mama dumu lake mbele yao, kesho siku ya mshahara utabaki na mashine zako."

Alisimama dirishani, anachezea funguo za gari. Nilimwona anapima, na sikujali atakavyoamua juu yangu. Mwisho akasema bila kugeuka, "Wajane waingie kwenye utaratibu. Andika vizuri, nitasaini. Na wewe, mkataba wako ukiisha, rudi nyumbani. Nilikuleta usimame upande wangu."

Nikasema, "Sawa."

Akasaini kweli. Nikamwita Mai Rudo nimweleze kwamba kuanzia sasa anakuja kwa jina lake, haina haja ya kusema mtu anaumwa miguu. Akagonganisha viganja polepole. Alikuwa na swali moja tu, kama koti la kiwanda alirudishe. Nikamwambia abaki nalo. Akalifunga vifungo vyote, akaondoka.

Basi ndiyo habari yenyewe. Mkataba unaisha kabla ya Ramadhani, nami nitakuwa kwenu Bunju kabla mwezi haujaandama. Tajiri akikupigia usimtukane. Kazi kwenye mji wetu nitatafuta. Kule kiwanda cha saruji Wazo au kwingine, hata pa kuanza chini. Hilo halinitishi. Linalonitisha ni Nasri. Naogopa atanikimbilia pale uwanja wa ndege, na mie nitamshika kichwa na kumuuliza anaendeleaje na shule, kama ninavyowauliza watu wa huku. Watoto wanajua. Usimwambie bado siku ya kufika kwangu, niache nikaribie kwanza.

Dada, nakuomba radhi kwa siku ile ya simu. Huenda ningeomba mapema zaidi kama ningekuwa najisikia na hatia. Najua tu kwamba ninayo. Niombee radhi kwa binamu zetu wa Vingunguti. Waambie nitakwenda makaburini nikifika, kabla sijafungua begi.

Nisalimie shemeji, mwambie nimefurahi kusikia mabanda ya kuku yamekwisha, na mafao yake akiyapata ajenge kwanza, asiweke ndani. Nisalimie ustadhi anayemfundisha Nasri, na yule mama jirani anayekusaidia kumsubiri basi la shule. Mjomba wetu wa Temeke mpe shikamoo yangu. Nasri mbusu, umwambie ametumiwa na mama.

Nikifika, nakuomba kitu kimoja. Watu wakija kunisalimu, usiwaache waniulize habari za huku. Wala wewe usiniulize. Niweke uani, nipe ungo, nipe mchele nichambue, na ukikaa karibu yangu ukae tu na kazi zako. Mchele ukiisha nipe mwingine.

Mdogo wako akupendaye,
Zuhura